Kisumu, Nakuru au Mumias: mitaa ipi ya zamani uitembee kwa miguu?

Binamu yangu anakuja kutoka Mombasa kwa siku tatu. Ameniuliza: akitaka kuamka mapema, avae viatu vizuri na azunguke mitaa ya zamani peke yake, bila kumlipa mtu wa kumwongoza, huku kwetu aende mji gani? Yeye amekulia Mji wa Kale. Vichochoro, milango ya nakshi na baraza za mawe ni vitu alivyovizoea tangu utotoni. Nimetaka kumjibu vizuri, asije akarudi pwani akisema bara hakuna cha kuona.

Miji mitatu ndiyo ninayoijua kwa miguu yangu mwenyewe: Kisumu, Nakuru na Mumias. Naanza na jibu, kisha nieleze. Ukiwa na asubuhi moja tu, nenda Kisumu. Ukiwa na siku nzima, hasa ukiwa na watoto, nenda Nakuru. Mumias uende kama unapenda kukaa na wazee na kusikiliza, maana huko majengo ni machache na masimulizi ni mengi.

Kisumu: kutoka mnara wa saa hadi majini

Kisumu ina jambo moja ambalo ile miwili mingine haina. Historia yake imejipanga karibu yote kwenye mteremko mmoja. Unaanzia juu katika Barabara ya Oginga Odinga, unashuka polepole, na mwisho wa safari ni stesheni, bandari na ziwa. Huhitaji ramani. Ukipotea, fuata mteremko.

Anzia kwenye mnara wa saa. Maelfu hupita hapo wakikimbilia kazini na wanaosimama kusoma kibao chake ni wachache. Wewe simama. Kimeandikwa kwamba mnara huo ulijengwa na ndugu wanne, Mohamed, Hassan, Alibhai na Rahimtulla Kassim, kumkumbuka baba yao Kassim Lakha, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871 na kufariki Kampala mwaka 1910. Ulizinduliwa Agosti 1938 na gavana wa wakati huo, Robert Brooke-Popham. Piga hesabu kidogo: huyo mzee alifika huku miaka thelathini kabla ya reli kuliona ziwa. Wanawe walipotaka kumkumbuka, waliupa mji saa, kitu ambacho kila mpita njia angekitumia bila kulipa. Ndiyo maana napenda matembezi yaanzie hapo. Kabla hujaona duka hata moja, umeshajua ni watu wa namna gani waliojenga maduka hayo.

Kutoka hapo inua macho. Chini ni mabango ya simu, dawa na mikopo, na hayo hubadilika kila mara. Jengo lenyewe liko juu ya mabango. Maduka mengi ya zamani katikati ya Kisumu yalijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi kwa mpango uleule: biashara chini, familia ghorofani, na mbele baraza pana lenye nguzo ili mteja asinyeshewe wala asichomwe na jua. Juu kabisa, kwenye ukingo wa paa, mara nyingi utakuta mwaka wa ujenzi au jina la mwenye jengo limefinyangwa kwa simiti.

Siku moja nilisimama muda mrefu nikijaribu kuusoma mwaka wa aina hiyo. Fundi mmoja wa cherehani, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa akishona barazani chini ya jengo hilohilo.

"Kijana, unatafuta nini huko juu?"

"Mwaka, mzee. Naona moja na tisa, zilizobaki sizioni."

"Wamepaka rangi mara nyingi mno. Rudi saa kumi. Jua likija kwa ubavu utasoma."

Nilirudi saa kumi. Mwanga ulikuwa umelala ukutani, kila nambari ikawa na kivuli chake, na zile tarakimu mbili zilizozama chini ya matabaka ya rangi zikajitokeza: tatu, kisha sita niliyokuwa nimeidhania tano. Mzee hakuinua hata kichwa kutoka kwenye suruali aliyokuwa akiipindia. "Umeona?" Nikamwambia nimeona. Tangu siku hiyo huwa nawaambia watu wautembee mtaa huo mara mbili, asubuhi na jioni, kwa sababu kuta zinazonyamaza asubuhi huongea jioni.

Pinda kidogo uingie mtaa wa Otiena Oyoo uone Msikiti wa Jamia, uliojengwa mwaka 1919. Kwa binamu yangu huo hautakuwa mgeni. Kwa mwingine yeyote: ukitaka kuingia, vaa nguo ya heshima, vua viatu, na muulize mtu aliyepo kabla ya kutoa simu. Ijumaa adhuhuri waache watu na sala yao.

Kisha shuka hadi stesheni. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa Desemba 1901, na mahali hapa pakapewa jina la Port Florence, kwa heshima ya Florence, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli. Jina hilo halikudumu. Wenyeji walikuwa na lao tangu zamani, linalotokana na neno la Kijaluo la mahali pa kubadilishana chakula, na ndilo tunalolitumia hadi leo. Kwa miaka mingi reli iliishia hapahapa. Shehena ya Uganda ilishushwa kwenye mabehewa ikapakiwa melini, na hilo ndilo lililoleta maghala, makarani na yale maduka uliyoyaona juu. Meli ya SS William Mackinnon ilisafirishwa kutoka Uskoti ikiwa vipande vipande, vingi vikabebwa na wapagazi kutoka pwani, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1900, reli ikiwa bado njiani. Reli ya kupitia Nakuru na Eldoret ilipofika Kampala mwaka 1931, mizigo haikulazimika tena kupita ziwani. Ukisimama karibu na gati ukaona nafasi kubwa na shughuli ndogo, sababu mojawapo ni hiyo.

Hapo chini pana jambo la kuangalia. Niliwahi kupiga picha ya reli bila kuuliza, mlinzi akanisimamisha na kutaka nifute picha zote za siku hiyo, pamoja na za ule mwaka juu ya baraza. Nilizifuta. Ukifika eneo la stesheni na bandari, nenda langoni kwanza, salimia, omba ruhusa. Ukikataliwa, tazama kwa macho uondoke.

Kwa miguu yenyewe Kisumu ndiyo inayoongoza. Kabla ya Africities, mkutano wa miji ya Afrika uliofanyika hapa Mei 2022, mitaa ya katikati ilitengenezwa upya na njia za wapita kwa miguu zikapanuliwa. Mama mwenye kigari cha mtoto anaweza kushuka mtaa huu bila kuingia barabarani, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu Nakuru wala Mumias.

Ubaya wake ni joto. Mji uko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, unyevu wa ziwa unakaa hewani, na ikifika saa tano jua halina huruma. Siku nyingi alasiri mawingu hujikusanya na mvua hupiga kwa kishindo. Anza saa moja asubuhi, pumzika mchana kwa samaki na ugali, rudi jioni. Ubaya wa pili unaniuma zaidi: karibu hakuna kibao kinachomweleza mgeni jengo ni la nani au la lini, na majengo yenyewe yanapungua. Moja nililolipenda sana, lenye kingo za mviringo na madirisha madogo kama ya meli, leo ni kiwanja kilichozungushiwa mabati.

Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yako upande wa barabara ya Nairobi, kwa hiyo panda tuktuk. Humo kuna Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa kwa vipimo vyake: nyumba ya mke wa kwanza, ya pili, ya tatu, na mahali pa mtoto wa kiume langoni. Yaache yawe ya mwisho. Ukishaona jinsi boma linavyopangwa, utagundua kwamba mtaa uliotoka kuutembea nao una mpango wa aina yake wa nani akae wapi.

Nakuru: historia ya ngazi tatu, na kilima cha pimbi

Nakuru unaitembea kwa kupanda. Kusini ni ziwa, kaskazini ni mlima wa volkeno wa Menengai, na mji umelala kwenye mteremko baina yake. Reli ilifika hapa mwaka 1900. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi ya ngozi, na mgawanyo huo bado unasomeka kwa majina ya Kiswahili tuyatumiayo kila siku: Wazungu Milimani, penye hewa safi, Wahindi na biashara katikati, Waafrika Bondeni. Watu husema "nakaa Milimani" au "nashuka Bondeni" bila kufikiria, lakini ukiupanda mji kwa miguu kutoka chini kwenda juu, miguu yako itakueleza maana ya maneno hayo. Viwanja vinapanuka, miti inaongezeka, kelele zinapungua.

Hapa ndipo Nakuru inapotofautiana na Kisumu. Kisumu ilijengwa na duka na meli. Nakuru ilijengwa na shamba. Walowezi waliolima ngano na kufuga ng'ombe Bonde la Ufa walikuwa na klabu yao hapa, ile ya sasa ya Rift Valley Sports Club, tangu mwaka 1907, na chama chao cha wakulima, KFA (Kenya Farmers' Association), kilipata jina hilo mwaka 1923. Leo ukiwa ndani ya matatu utasikia abiria akisema "nishushe KFA", na pengine hajui kifupisho hicho kinasimamia nini. Jina la wakulima wakubwa limegeuka kuwa jina la steji, na mimi naona hiyo ni kumbukumbu kamili kuliko sanamu.

Katikati ya mji, tafuta jumba la zamani la manispaa. Tarehe 12 Agosti 1963, Jomo Kenyatta, wakati huo Waziri Mkuu na miezi minne kabla ya uhuru, aliwahutubia walowezi mjini hapa, akawaomba wabaki walime na akazungumzia kusameheana. Wengi wao walikuja wakiwa na hofu ya mtu waliyemwita adui. Jengo lenyewe ni la kawaida, halivutii jicho. Nenda hivyohivyo, usimame nje dakika tano, kwa sababu mambo mengi ya ardhi ambayo bado tunabishana juu yake yalianza kupata sura miezi ile.

Baada ya hapo mitaa ya Nakuru inachosha. Barabara ya Kenyatta ni pana na ina miti mizuri ya jakaranda, lakini ukitoka nje yake unagombania nafasi na mikokoteni, pikipiki na wauza mitumba, na jengo moja la zamani liko mbali na lingine. Ukiniuliza kwa mitaa peke yake, Nakuru inashindwa na Kisumu.

Kinachoiinua ni Hyrax Hill, kama kilomita nne kutoka mjini, kando ya barabara ya Nairobi. Matatu itakushusha karibu, kisha unatembea. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapa mwaka 1937 na 1938, na makumbusho madogo yalifunguliwa mwaka 1965 ndani ya iliyokuwa nyumba ya shamba. Kuna makaburi ya watu wa Enzi ya Mawe, na kuna mashimo mapana ya Wasirikwa, ambamo wafugaji wa zamani walilaza mifugo yao karibu na nyumba. Pimbi wenyewe, waliokipa kilima jina, wataonekana wakiota jua juu ya mawe.

Lakini kitu ambacho sitakisahau ni bao. Kwenye mwamba wa kilima, katikati ya majani makavu, kuna safu za vishimo vilivyochongwa kwenye jiwe lenyewe, laini ndani, vinatosha kokoto chache kila kimoja. Binti yangu wa miaka minane alichuchumaa, akahesabu kwa kidole, akaokota kokoto atie. Mhudumu akamwambia kwa upole, "Tazama tu, mwanangu, usiguse, wenyewe waliacha mchezo katikati." Mtoto akairudisha kokoto mahali alipoitoa. Kwa mtu wa pwani aliyeona wazee wakicheza bao barazani jioni, kupata bao la mawe ndani ya Bonde la Ufa ni jambo la kumtoa machozi. Hilo peke yake lingetosha kumleta binamu yangu Nakuru.

Wengi hupeleka wageni pia kwenye kasri la Lord Egerton huko Ngata, lililoanza kujengwa 1938 likakamilika 1954, lenye vyumba 52. Ni zuri, na waongozaji hapo hupenda kusimulia habari ya mwanamke aliyemkataa mwenye kasri. Ila ni safari ya gari, unazungushwa ndani na mtu, na hayo siyo tuliyoulizwa.

Hali ya hewa ni faida kubwa ya Nakuru. Mji uko karibu mita 1,850 juu, asubuhi utataka sweta, na unaweza kutembea hadi saa saba bila kuzidiwa. Vumbi tu ndilo la kuvumilia wakati wa kiangazi. Inasemekana hata jina lenyewe la Kimaasai lina maana ya mahali pa vumbi.

Mumias: mji uliotangulia reli

Hapa sitamdanganya mtu. Ukija Mumias ukitafuta mtaa wa majengo ya zamani, utamaliza kwa nusu saa. Kuna sokoni, msikiti, maduka ya mabati, malori ya miwa na pikipiki. Lakini kati ya miji hii mitatu, huu ndio uliokuwa mji kabla ya Mwingereza hajafika na kipande kimoja cha reli.

Hapa palikuwa makao ya Nabongo, yaani mfalme, wa Wawanga. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilifika ikitafuta pembe za ndovu, ikapumzika, ikanunua chakula, na watu wengine wakabaki. Mpelelezi Mskoti Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 mahali paliitwa Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, baba yake Mumia. Askofu James Hannington alipita hapa Oktoba 1885 akielekea Uganda, akauawa Busoga mwezi huohuo, na mabaki yake yaliwahi kuhifadhiwa hapa kabla ya kupelekwa Namirembe, Kampala. Nabongo Mumia alitawala hadi alipofariki mwaka 1949. Serikali ya kikoloni ilianzia utawala wake wa magharibi hapa, kisha makao yakahamishiwa Kakamega mwaka 1920. Reli ilikuwa imeshaishia Kisumu, na njia ya misafara ikabaki bila misafara.

Kwa hiyo Mumias inatembelewa kwa masikio. Nenda kwenye makaburi ya wafalme pale Matawa, uliza kwa adabu, na ukubali kukaa. Salimia wazee kwanza, jitambulishe unatoka wapi na wewe ni mtoto wa nani, usianze na maswali. Uislamu wa magharibi mwa Kenya uliota mizizi hapa, na familia kadhaa zitakuambia babu yao alikuja na msafara kutoka pwani. Binamu yangu akiongea Kiswahili chake cha Mombasa pale msikitini, najua hataachwa aende bila chai.

Kutoka Kisumu panda gari la Kakamega, kisha la Mumias; zote mbili jumla ni kama kilomita 80. Ukitoka Kisumu utaipita hospitali ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Siku ya kuifungua, 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta na Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, walirushiana maneno hadharani, askari wakafyatua risasi na watu wakafa. Huwezi kushuka kwenye lango la hospitali na kuanza kupiga picha, lakini ulipotembea Barabara ya Oginga Odinga asubuhi, jina ulilokuwa ukilikanyaga lina siku hiyo ndani yake.

Siku gani, na kwa mpangilio gani

Kisumu ichukue Jumapili mapema ukitaka kuona kuta, maana maduka yamefungwa na barabara ni tupu. Ukitaka kuingia ndani, uone ngazi za mbao na sakafu za zamani, nenda Jumamosi na ununue kitu kabla ya kuuliza. Nakuru ni siku yoyote, mradi Hyrax Hill iwe asubuhi. Mumias usiende siku ya haraka. Mtu asiyeweza kutembea sana ataimudu Kisumu kwa kushuka tu, akapandishwa na tuktuk. Kilima cha Hyrax kina mawe na hakitamfaa.

Wengine wamenishauri niongeze Kendu Bay, yenye msikiti wa zamani na maduka ya Wahindi yaliyobaki magofu karibu na ziwa. Ni pazuri, lakini kwa siku tatu ni kujibana.

Kwa binamu yangu nimepanga hivi: ashuke Nakuru asubuhi ya Ijumaa, aone bao la mawe, alale. Jumamosi aje Kisumu, tushuke pamoja kutoka mnara wa saa, na saa kumi turudi kwenye baraza la yule fundi. Jumapili Mumias. Nimemwambia abebe miwani yake ya kusomea, na suruali moja ya kupindwa.